Sasa mama afanye nini? Namna ya kuandika rapori ya etidi de ka

Rapori yangu ya kwanza ya etidi de ka, ile kazi ya unive ya kusoma hadisi ya biashara na kutoa jibu, ilikuwa na kurasa 22. Nilijisikia mkubwa siku ile, tablo zote na rangi, SWOT (ile tablo ya nguvu, uzaifu, nafasi na hatari) imejaza ukurasa mzima, historia ya kampuni tangu siku ya kuzaliwa mpaka leo. Ikarudi na 7 ku 20. Mwalimu hakujisumbua kuandika mengi, aliweka paka mstari mmoja na biki nyekundu chini ya ukurasa wa mwisho: « Sasa mwenye biashara afanye nini? » Nikapitia kurasa zote 22 kutafuta jibu, halikuwemo. Yani nilimueleza mtu maisha yake yote nikasahau kumjibu chenye aliuliza.

Miaka imepita, sasa wapeti wa unive hapa Lubumbashi wananiletea za kwao niwaangalilie mbele ya kudepoze, na karibu zote ziko na ugonjwa uleule. Kwa hiyo naandika mara moja, mtu akinifikia namtumia hii.

Kwanza ujue ka ni kitu gani. Ka ni hadisi ya biashara yenye imekatwa pahali mtu anatakiwa kuamua. Ile njia ya kufundisha ilikomaa kule Harvard, Marekani, miaka ya 1920, mkuu wa shule ya biashara alikuwa Wallace Donham, yeye alisomea sheria, na watu wa sheria wanafundishwaka kwa kusoma kesi za kweli zenye zilipita tribinali, akasema na wa biashara wafanye vile. Ka ya kwanza yenye waliandika, 1921, ilikuwa ya kampuni moja ya viatu, General Shoe Company. Nakueleza hii si kwa kukujaza kichwa, ni juu uone kwamba tangu mwanzo ka ilikuwa kesi, na kesi inaishaka na hukumu. Rapori bila hukumu haijaisha, hata ikuwe na kurasa 50.

Na kuna mtego mmoja wenye unaangushaka hata wenye akili. Wakikupa ka ya Kodak, ile kampuni ya filimu za picha, kila mtu anakimbia kuandika kwamba hao watu walikuwa wajinga, injinia wao Steve Sasson alitengeneza aparei ya picha ya dijitali 1975 wakailalia, na 2012 mwezi wa 1 wakaenda kulomba ulinzi wa tribinali juu ya kufilisika. Sawa, sisi wote tunajua mwisho. Lakini ka inakuuliza: wewe ukuwe umekaa ku meza yao mwaka ule, na faida yote inatoka ku filimu, na ile aparei bado mzito na picha yake mbaya, ungeamua nini na habari zenye walikuwa nazo siku ile? Kumhukumu mtu na habari za kesho ni rahisi sana. Andika kama vile hujui mwisho.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu

Sitaki tuongelee hewani, tushike ka moja. Nimeitunga mimi, na namba zote ni za mfano, usiende kuzipeleka ku soko. Mama mmoja ako na depo ya unga ya bukari, yani unga ya mahindi, mu kartie. Anauza mifuko 400 ya kilo 25 kila mwezi. Unga wake wote unatokea Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ameweka dola 9,500 pembeni. Mtoto wake mkubwa anamusukuma anunue mashini ya kusaga, dola 9,000 na kuifunga, waache kutegemea watu wa mpaka. Mama anataka jibu mbele ya mwisho wa mwezi wa 4 juu kisha pale mavuno ya mahindi yanaanza na bei inashuka.

Soma ka mara mbili. Mara ya kwanza haraka, bila biki, kwa kutafuta vitu vitatu tu: nani anaamua, anaamua nini, na mpaka siku gani. Hapa ni mama (si mtoto, angalia vizuri, mtoto njo anasema sana mu hadisi lakini pesa ni ya mama), anaamua namna ya kupata unga, na siku ni mwisho wa mwezi wa 4. Ukikosa kuandika hivi vitu vitatu mu sentensi moja, usianze kuandika, rudia kusoma.

Mara ya pili na biki. Kila kitu unatenganisha: hii ni jambo lenye limehakikishwa, hii ni maoni ya mtu, hii hawakuniambia. « Mashini italeta faida kubwa » ni maoni ya mtoto. « Mifuko 400 » ni jambo. Na umeme unakatika mara ngapi kule wanataka kufunga mashini? Hawakusema. Hiyo ya tatu njo wanafunzi wanairukaka, kumbe njo pahali mwalimu alificha pwen. Pia usiache aneksi. Mtu anasoma hadisi tamu akifika ku tablo za mwisho anachoka, wakati tablo njo zinasema ukweli na hadisi inapambapamba.

Shida yenyewe haikae pale inalia

Ukiuliza wapeti shida ya mama ni gani, nane juu ya kumi watakwambia « mauzo inashuka » ao « faida ni kidogo ». Hiyo ni homa, si ugonjwa. Uliza juu ya nini, wakikujibu uliza tena juu ya nini, watu wa Toyota wamefanya ile kuwa kazi, wanauliza hata mara tano. Mauzo ilishuka juu ya nini? Juu bei ilipanda. Bei ilipanda juu ya nini? Juu unga haukuingia. Haukuingia juu ya nini? Na hapa sasa unatoka mu ka kidogo unaleta mambo yenye yanajulikana: 2024 Zambia ilipigwa na ukame mkali, mwisho wa mwezi wa 2 rais wao akatangaza kuwa ni janga la taifa, mahindi yao wakayashikilia kwao. Mwezi wa 8 mwaka uleule wakafunga mpaka siku chache, mgogoro ulianzia ku Kongo kukataza bia na soda za kutoka inje. Mtu wa Lubumbashi mwenye alinunua unga mwaka ule hana lazima ya kuelezwa, mfuko wake ulimueleza.

Kwa hiyo shida ya mama si faida kidogo. Shida ni kwamba unga wake wote unapita mu mlango mmoja na ufunguo wa mlango ule hauko kwake. Ona vile sentensi hii inabadilisha rapori nzima. Ukisema shida ni faida, utatafuta faida. Ukisema shida ni mlango mmoja, utatafuta mlango wa pili, na jibu linakuwa lingine kabisa.

Kalkili, na hapa tukae

Watu wengi wanaogopa hapa wanakimbilia maneno. Usikimbie, ni hesabu ya primere.

Sasa hivi: mama ananunua mfuko dola 14, transporti na kubebesha dola 1.5, inakuwa 15.5. Anauza 18. Marji, yani chenye anabakia nacho, ni 2.5 ku mfuko. Mara 400, ni dola 1,000. Toa zile sharji zenye zinakuja kila mwezi hata ukuwe hukuuza kitu, nyumba, vijana wawili, mlinzi, tuseme 500. Anabakia na 500. Tena ugawanye zile sharji 500 na 2.5, unapata 200: hiyo njo hesabu ya mifuko yenye anatakiwa kuuza ili asikule hasara. Mwezi mbaya wa mpaka kufungwa, akiuza 150, marji ni 375, sharji 500, amepoteza 125. Sasa umemueleza mama hatari yake bila kutumia neno hatari hata moja.

Na mashini: mahindi ya kutosha mfuko mmoja wa unga, mfuko mutupu, umeme, jumla 13. Atauza 17, si 18, juu unga mpya watu hawajauzoea. Marji ni 4. Mtoto anaona 4 juu ya 2.5 anarukaruka. Lakini sharji za mwezi zinapanda mpaka 1,000, kuna mwenye kusaga, kuna jenereta, kuna kutengeneza mashini. 400 mara 4 ni 1,600, toa 1,000, inabakia 600. Kumbe mashini inaongeza dola 100 tu ku mwezi! Gawanya 9,000 na 100, ni miezi 90, miaka saba na nusu mbele pesa irudie, na pale sijahesabu siku umeme haupo. Tena ile 200 ya kutokula hasara sasa imekuwa 250, yani mama amenunua mashini ya kumukinga na miezi mibaya, na miezi mibaya ikifika anahitaji kuuza zaidi. Mtoto hakuongopa, marji ni kweli 4, ni vile aliangalia namba moja tu akafunga macho.

Mambo madogo yenye yanaharibu kalkili za watu: kuchanganya franga na dola. Chagua moja, andika kiwango cha kambisti wa siku gani umetumia, na ukamate hicho mpaka mwisho. Ingine ni mshahara wa mwenye biashara, mama anakaa depo tangu asubuhi mpaka magaribi na mu tablo kazi yake ni bure, lazima useme hata kama hadisi haikusema. Na kama ka ni ya kampuni kubwa yenye kuandikishwa, usisahau TVA, ile kodi ya ku mauzo, hapa Kongo ni 16 ku mia, na hesabu zao zinafwata mpango wa kontabilite wa OHADA (muungano wa inchi za Afrika zenye ziko na sheria moja ya biashara), ule wa SYSCOHADA, juu inchi iliingia OHADA 2012. Ukichukua mfano wa tablo ya Kimarekani ku intaneti ukabandika, mwalimu wa kontabilite anakuona ku ukurasa wa kwanza.

SWOT na ndugu zake

Nitasema kitu wengine hawatapenda. SWOT karibu zote zenye nasoma hazina kazi. « Nguvu: wafanyakazi wenye bidii. Uzaifu: pesa kidogo. » Hiyo unaweza kubandika ku depo ya unga, ku saluni, ku kampuni ya kobalti, yote inaingia. Kipimo changu ni hiki: ukitoa ile tablo mu rapori, jibu lako linabadilika? Kama halibadiliki, toa.

Chagua chombo kimoja chenye kinagusa shida yako. Kwa mama, kile cha Michael Porter, mwalimu wa Harvard, cha 1979, nguvu tano zenye zinabana biashara, kinasaidia, lakini si zote tano, nguvu moja tu: nguvu ya mwenye kukuuzia. Andika paragrafu moja kueleza vile muuzaji wa ku mpaka ndiye anapanga bei na mama hana pa kwenda. Inatosha. Hakuna pwen za kujaza masanduku.

Njia ya tatu

Ka karibu zote zinakuonyesha njia mbili, na watu wanachagua kati ya hizo mbili sawa vile wako ku examen ya kuweka alama. Weka kwanza njia ya kutofanya kitu, na uihesabie bei yake, tumeona ni ile 125 ya hasara mwezi mbaya. Nyuma yake tafuta yenye haikuandikwa.

Mama hahitaji kununua mashini ili asagishe. Mu muji muko mashini nyingi zinalala nusu ya siku. Anaweza kununua mahindi wakati wa mavuno, ayaweke, akasagishe kwa kulipa. Mahindi 11.5, kusaga 2, mfuko mutupu na kubeba 1, ni 14.5, anauza 17, marji ni ileile 2.5. Afanye mifuko 100 ku mwezi hivyo, 300 iendelee kutoka Zambia. Kwa miezi mitatu anahitaji mahindi ya mifuko 300, dola 3,450, anazo, na inabakia 6,050 ku mfuko wake.

Sasa usifurahi haraka, piga njia yako mwenyewe mawe mbele mwalimu hajaipiga. Mahindi ya kulala yanaliwa na wadudu. Tuseme 5 ku mia zinapotea, ni karibu dola 172, ku mifuko 300 ni senti 57 kila mmoja, marji inatoka 2.5 inafika karibu 1.9. Kwa mifuko 100 ya mwezi ni dola 57 zinapunguka ku ile 500. Yani mama analipa dola 57 kila mwezi ili mpaka ukifungwa asibakie na depo tupu. Na mahindi ya hapa nayo yatapanda mpaka ukifungwa, kwa hiyo yote inasimamia ku kununua wakati wa mavuno, akichelewa mpaka mwezi wa 9 njia hii inakufa. Andika hivyo wazi. Kuonyesha pahali jibu lako linaweza kuvunjika hakupunguze pwen, kunaongeza, juu mwenye kusoma anaona ulifikiri.

Kuandika kwenyewe

Anza na kalkili, halafu shida, halafu njia, na ukurasa wa kwanza uuandike wa mwisho kabisa. Ule ukurasa wa kwanza njo rapori, zingine zote ni ushahidi. Kwa mama ungekuwa hivi:

« Mama asinunue mashini mwaka huu: italeta dola 100 tu zaidi ku mwezi na pesa itarudia nyuma ya miezi 90. Shida ya depo ni kwamba unga wote unapita mpaka mmoja. Mbele ya mwisho wa mwezi wa 6 anunue mahindi ya mifuko 300 (dola 3,450), asagishe mifuko 100 kila mwezi kwa kulipa. Itamupotezea karibu dola 57 ku mwezi juu ya wadudu. Kisha miezi mitatu, kama unga wake unauzika vizuri, tuongelee mashini tena. »

Sentensi tano. Mtu mwenye ako na haraka akisoma ile tu, anaweza kuamka kwenda kufanya. Kisha ile hukumu weka kipande kifupi cha nani atafanya nini lini: nani anaenda kutafuta mahindi, gunia zinakaa wapi, nani anapima unyevu mbele ya kuweka (mahindi yenye hayajakauka yanaota ukungu na hasara yako ya 5 inakuwa 20). Wanafunzi wanaandika « mama anatakiwa kuboresha menejimenti », sasa hiyo kesho asubuhi anaifanya namna gani?

Ku unive utaandika Kifaransa, hakuna shaka, lakini mbele ya hapo eleza yote kwa mdomo na Kiswahili kwa mtu mwenye anauzaka kitu, mama yako, yaya yako wa butiki, yeyote. Pale atakukata kauli akuulize « na gunia zikinyeshewa? » andika ile swali, nenda uitafutie jibu. Mimi marekebisho yangu mazuri yalitoka kwa shangazi mwenye anauza mafuta ya ngazi, hajawahi kusikia Porter.

Na kwa wale wa kopye-kole ya ChatGPT: inaandika Kifaransa kizuri kabisa, shida ni kwamba ikikosa namba inatunga, na inatunga na sura ya kweli. Nimeona rapori moja mauzo ya ukurasa wa 3 si sawa na ya ukurasa wa 9, na mwenyewe hakujua, juu hakuwa ameisoma. Kama uliitumia, kila namba irudie ku ka na uipige alama na biki, yenye haina pa kutoka uifute.

Urefu, kurasa 8 ao 10 zinatosha kwa ka ya kawaida, tablo kubwa peleka ku aneksi na mu maandishi useme tu chenye tablo inaonyesha. Kila tablo iwe na kichwa chenye kinasema jibu, si « Tablo 2: Marji » lakini « Tablo 2: Mashini inaongeza dola 100 tu ku mwezi ». Piga jumla zote mara ya pili na kalkilatrisi ya telefone, na uimprime siku moja mbele, juu siku ya kudepoze umeme unakatika na foleni ku sekretariati ya mbele ya unive inafika barabarani.